Kikapu cha Ngamia

Enzi wanyama walipobebana kwa ujira, Ngamia alibeba abiria mjini kwa vikapu sita vya mahindi kwa siku. Punda alibeba kijijini, kando ya mto, kwa viwili tu.

"Hamia mjini, ndugu yangu," Ngamia alimwambia. "Huku unajipunja."

Punda hakubisha. "Kesho jioni njoo tule pamoja," alisema, "kila mtu na alichobakiza."

Punda alileta kikapu kimejaa. Ngamia alileta kitupu.

"Mwenye banda kachukua vinne," alisema kwa aibu, "na mwenye kisima vilivyobaki."

Punda akamsogezea mahindi. "Kula, kaka. Na wewe ni ngamia, hunywi kila siku. Mimi punda ningebaki na nini?"

Asubuhi Ngamia alikuwa mtoni, akiita abiria.