Panya Katika Mji wa Fuko

Ilikuwa, na isingekuwa nisingesema: Panya alimbeba mwanawe anayewaka homa, akakimbia mpaka kwenye mji wa fuko chini ya ardhi, kwa tabibu wao.

"Tabibu anakaa wapi, kaka?" akamuuliza Fuko bawabu.

"Sisi hatuelekezani, tunafuata harufu ya ukoo ukutani," akajibu Fuko, mwenye majivuno hata usingizini. "Wewe huna pua ya kwetu. Rudi ulikotoka."

Panya akatoka mbio kwa Kunguru, ambaye humwambia kila mtu kila kitu, awe ndugu au mpita njia.

"Mlango wa nne kushoto, ukishavuka mzizi wa mkorosho," akasema Kunguru. "Tena mumewe anakoroma, utamsikia."

Panya alipofika tena langoni kwa fuko, mara mvua ikamwagika, maji yakapenya yakaosha kuta zote, harufu ikaisha. Fuko wakaanza kugongana vichwa, huyu kaingia jikoni kwa jirani, yule kamkumbatia mama mkwe akidhani ni mkewe. Panya yeye akahesabu milango, akavuka mzizi, akasikia mkoromo, akaingia. Mtoto akanywa dawa, akatoka jasho, akaomba karanga. Mama yake akacheka huku analia.

Walipotoka nje walimkuta bawabu amesimama chini ya mti wa Kunguru, tope mpaka masikioni.

"Shikamoo, mjomba," alikuwa akisema kwa sauti ndogo. "Samahani, naomba kuuliza. Kwangu ni wapi?"