Mtani wa Kwenye Mizani

Sauti iliyotoka kwenye simu ya meneja ilikuwa ya Hemedi. Hilo halikuwa na ubishi, hata yeye mwenyewe aliitambua.

"Mwizi wa kambakochi ni mimi," ilisema ile sauti, kwa madaha kabisa. "Kila safari najipimia kilo tatu. Mikia nakula mwenyewe, vichwa nampelekea mama mkwe. Nendeni mkamwambie na bosi!"

Kikafuata kicheko cha watu wengi, kisha ikakatika.

Meneja Elizabeti aliilaza simu mezani. Nje ya dirisha ndege ya asubuhi ilikuwa inajazwa mafuta. Kampuni yao ilikuwa na ndege mbili tu, ndogo, za kubeba abiria wa Dar es Salaam na kukodiwa na watu wa gesi, na nafasi iliyobaki ilikuwa ya mizigo. Mzigo uliolipa kuliko yote ulikuwa kambakochi hai wa pwani ya Msimbati, waliolazwa kwenye magunia mabichi ndani ya maboksi. Boksi lilipimwa Mtwara likawa kilo ishirini, likifika Dar ni kumi na saba. Na kambakochi, jamani, hakondi angani.

"Makao makuu wanataka jina kabla ya saa sita," alisema Elizabeti. "Mwenye jina hilo anatoka hapa na polisi. Miaka kumi na moja, Hemedi, faili lako halina hata barua moja ya onyo. Haya, niambie."

Hemedi alitabasamu kwa haya. "Mama, huo ni utani."

"Utani na nani?"

"Na Amiri. Mimi Mmakonde, yeye Myao."

"Amiri huyu wa mizani?"

"Huyohuyo."

Elizabeti aliigeuza simu kifudifudi mezani.

Uwanja mzima ulikuwa unajua. Tangu Amiri aajiriwe kupima mizigo, miaka mitatu sasa, haikupita asubuhi bila vituko vyao. Hemedi akitokea na toroli la mizigo ya kupakia, Amiri alipaza sauti: "Abiria, shikeni mikoba, Mmakonde anapita!" Hemedi naye aliwaeleza abiria kwamba Myao hapimwi, maana ndani hamna kitu. Watu walipanda kwenye mizani na mabegi yao wakicheka, wakashuka wakicheka. Kiyao chenyewe Amiri hakukijua. Alisema amekulia Tanga, baba yake alikuwa mkata mkonge huko, na Hemedi alimtania kwa hilo pia.

Tena haukuwa utani wa mdomoni tu. Mama yake Hemedi alipofariki, Amiri alifika kijijini kwao Mahurunga kabla ya ndugu wengine. Alilala chali katikati ya njia ya makaburini, akaapa, kama watani wafanyavyo msibani, kwamba jeneza halipiti mpaka apewe kuku wa marehemu. Hemedi, ambaye kwa siku mbili alikuwa amekauka, hali wala halii, alicheka pale njiani mpaka kilio kikampata. Tangu siku hiyo alimweka Amiri mbele ya ndugu zake wa tumbo moja, na hakuwaficha.

"Aliyerekodi ni Zuberi mlinzi," alisema sasa, na hasira ikaanza kumpanda. "Siku nilipotania hivyo alisimama palepale na simu yake mpya. Anaitaka kazi yangu ampe shemeji yake. Kumbe nimekaa na nyoka!"

Elizabeti hakumjibu kuhusu Zuberi. "Sikiliza. Mimi ni Mchaga, watani wangu ni Wapare. Mpare ameshaniita mwizi wa sadaka mbele ya askofu, na askofu akacheka. Aliyekiri mbele ya mtani wake hajakiri kitu, hilo naweza kuwaeleza makao makuu wakanielewa. Lakini nitahitaji maneno ya huyo mtani."

"Basi mwite Amiri."

"Una hakika unataka nimwite Amiri?"

"Mwite, mama. Neno lake moja linanitosha."

Elizabeti alifungua dirisha akamwita. Hemedi alikaa vizuri kwenye kiti. Alimfikiria mkewe Mwanaisha, na jinsi atakavyomsimulia kisa hiki jioni, wacheke wote wawili.

Amiri aliingia akijifuta mikono kwenye suruali, akasimama karibu na mlango. Hakumwita Hemedi mwizi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu, na Hemedi alimpenda zaidi kwa hilo, kwamba ameona jambo ni zito akaheshimu.

"Amiri," alisema Elizabeti, "Hemedi anasema ninyi ni watani. Ni kweli?"

Amiri aliitazama ile simu mezani.

"Hapana, mama. Mimi ni Mdigo wa Tanga, kwa baba na kwa mama. Mdigo na Mmakonde hawana utani."

Hemedi aliangua kicheko. Katika yote waliyowahi kutaniana, hakuna lililoufikia huu. Alipiga meza kwa kiganja, machozi yakamtoka, akamgeukia Amiri na kumsubiri naye acheke.

"Asante, Amiri," alisema Elizabeti, akivuta kalamu. "Na ile sauti uliyonitumia, usiifute kwenye simu yako. Polisi wataihitaji."