Mchezaji wa Kwenye Nakala

"Rudisha tena," alisema Bujiku.

Nadeem, mpiga picha za harusi, akarudisha. Kwenye runinga, mwanamke mwenye kofia pana alirusha jembe juu, akazunguka, kisha ghafla akaanza kurukaruka kwa mguu mmoja katikati ya vumbi. Hata kofia ilipomdondoka, uso ulikuwa uji mtupu.

"Umeuona huo mguu mmoja? Mtindo huo sijauona Geita wala Shinyanga. Ni nani huyu?"

"Kikundi cha ngoma kilitoka Ushirombo, mzee. Majina yao siyajui."

"Basi safisha uso wake."

Nadeem alishusha pumzi. Kila mwenye harusi humwambia hivyo hivyo. Akaeleza kwamba hii ni nakala tu. Kanda mama, ile iliyotoka kwenye kamera, picha yake ni safi kabisa, lakini kila ukiirudisha nyuma inachubuka. Ndiyo maana yeye hunakili harusi nzima kwenye kanda ya kawaida, yenye namba chini ya picha, akaichezea hiyo mpaka ajue kipi kibaki na kipi kitoke. Kanda mama hukaa kabatini. Hutoka siku moja tu, ya kuunganisha harusi yenyewe kwa kufuata zile namba.

"Siku hiyo ni lini?"

"Jumamosi."

"Nitakuja na mshenga," alisema Bujiku, akavaa kofia yake akaondoka.

Katoro nzima ilimjua Bujiku. Dhahabu aliinunua kwa kuigeuza na kuipima mpaka muuzaji achoke, lakini mbele ya mwanamke mizani aliiacha nyumbani. Kabla jua halijazama soko lote lilishapata habari: yule mchezaji anaolewa, na ile nyumba mpya ya matofali kando ya barabara ni yake. Euphrasia, mke aliyehangaika naye tangu enzi za kuchimba kwa sururu, alikuwa akidhani anajengewa yeye. Hata kwenye harusi yenyewe, ya mdogo wake Bujiku, aliambiwa abaki kulinda nyumba. Shukrani ya punda mateke, jamani.

Nadeem roho ilimuuma. Kamera ni yake, nakala ni yake, na sasa mama wa watu analetewa mke mwenza kwa kazi ya mikono yake. Kwa hiyo kesho yake, Euphrasia alipoingia dukani na ndala zake, kidole gumba kimefungwa kitambaa, kijana wa watu alitamani ajifiche chini ya meza.

"Shikamoo, Mama Vaileth. Pole na mguu."

"Marahaba. Nimejikwaa tu. Hebu nionyeshe huyo mwenzangu."

Nadeem akaweka nakala. Euphrasia alitazama, mkono shavuni. Mchezaji alipoanza kurukaruka kwa mguu mmoja, alifumba macho kama anayeumia.

"Huenda unamfahamu, mama. Kikundi ni cha kwenu Ushirombo."

"Kule watu ni wengi, mwanangu."

Nadeem akasogeza kiti. "Mama, mimi naweza kumtoa. Namba zake ninazo. Jumamosi nitaziruka, nitasema kanda imeliwa na mashine. Mzee atafoka, kisha atasahau."

Euphrasia alifikiri kidogo. "Hiyo nyumba, amesema kweli atampa?"

"Soko zima limesikia."

"Soko si shahidi. Usimtoe. Ila siku hiyo mwambie Baba Vaileth atamke mbele ya mshenga, asije akamdhulumu mtoto wa watu."

"Mama, wewe huoni wivu?"

"Nyumba ninayolala bati linavuja mpaka kitandani," alisema akiwa tayari mlangoni. "Huyo mwanamke sitaki yampate hayo."

Akachechemea zake. Nadeem alibaki akitikisa kichwa. Wema wa namna ile utampeleka mtu mbinguni, aliwaza, lakini bati hauzibi.

Jumamosi jenereta likaunguruma. Bujiku alikuja na suti na mshenga wake, Donatus, mzee mwenye sauti ya kanisani. Euphrasia naye alikuja, akaketi pembeni kwenye kigoda. Hakuna aliyethubutu kumuuliza amefuata nini.

"Mzee," alisema Nadeem, kanda mama mkononi, "kabla sijaiweka, Mama Vaileth anaomba utamke habari ya nyumba mbele ya mshenga."

Bujiku alimtazama mkewe, akafurahi mno. Wanaume wenzake wanapigiwa kelele usiku kucha kwa jambo kama hili, na yeye wa kwake anamsaidia kuoa. Akasimama, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani.

"Donatus, shuhudia. Mwanamke huyu tutakayemwona sasa hivi, awe nani, awe wa kwa nani, nyumba ile ni yake. Nikigeuka, niitwe mwongo kuanzia hapa mpaka Bulyanhulu."

"Nimesikia," alisema Donatus.

Kanda mama ikaanza kuzunguka. Lo, picha ilikuwa safi mpaka nyuzi za kofia zilihesabika. Jembe likapaa, likapinduka hewani, likashuka, na safari hii wote wakaona lilikotua: juu ya kidole gumba cha mchezaji. Akaruka kwa mguu mmoja. Kofia ikadondoka, naye akaitazama kamera, mdomo wazi kwa maumivu.

Donatus alitazama runinga. Kisha, polepole, akaitazama ile ndala yenye kitambaa.

Euphrasia aliinuka, akachechemea mpaka mezani, akachukua funguo.

"Wabeja, Baba Vaileth," alishukuru.