Udongo wa Kwenye Kucha

Tangu udongo uruhusiwe kwenye bustani za shule pekee, Zawena alirudi kutoka kiwandani kila jioni akiwa hoi bin taabani, akamketisha bintiye Mkami na kumchokonoa kucha kwa njiti ya kiberiti. Chembe za udongo wa shuleni alizidondosha kwenye kopo la maziwa. Mwaka mzima ulipita kabla kopo halijafika nusu.

Jioni hiyo mchicha ulikuwa umechipua humo, majani mawili.

"Njoo uone, mwanangu," alisema kwa sauti iliyochoka.

Mkami alichuchumaa, akatabasamu. Bustani ilikuwa imemfunza mengi: kupanda, kumwagilia, kuvumilia.

"Mama, huu umeota bila kibali," alisema kwa upole, kama mwalimu wake. "Shuleni tunaung'oa ungali mdogo."

Vidole vyake vilikuwa vimeshakamata shina.