Nilimwambia Mtunzi Apunguze Mwendo

Sheria ni moja: anayeingia mchezo huu wa ndotoni hulala, na haamki mpaka sehemu iishe. Sehemu ya kwanza, safari ya chombo cha anga kwenda Zohali, iliisha kwa saa mbili. Binti yangu Tunu aliamka amenuna. "Mama, wamekimbiza hadithi!" Nikamwandikia mtunzi apunguze mwendo.

Amepunguza. Sehemu ya pili ina miezi saba, na kwenye skrini naona chombo bado kinatengenezwa injini. Namlisha Tunu uji kwa mrija, namgeuza asipate vidonda.

Leo nimempigia mtunzi. "Kaka, walipue wote, ilimradi iishe!"

"Dada, hakuna mchezaji aliyelalamika."

"Watalalamikaje? Wamelala!"

Hapo midomo ya Tunu ikacheza. Nikainama nisikie.

"Fundi," alisema taratibu, "usiharakishe."