Shavu Lisilo na Alama

Siku hizi mlango wa nyumba haufunguki mpaka upanue mdomo, kioo kikuangalie shavu kwa ndani. Watu wengi wana mstari mweupe wa kujing'ata, au kidonda kidogo. Hao wanapita. Ukiwa na kitu cha nadra unapelekwa kuchunguzwa, na sijaona aliyerudi.

Juzi kioo kikaniambia, "Huna alama yoyote. Hiyo ni nadra. Kesho ukiwa hivi hivi, utachukuliwa."

Nikamuuliza mama, "Sasa si ndo uzima huo?"

"Uzima gani wa peke yako, Lusajo? Jing'ate!"

Nikaanza kujing'ata, dada yangu Tumpe akacheka. "Taratibu, we zoba! Unatafuna muwa?"

Nikang'ata mpaka nikaonja damu. Asubuhi kioo kikasema, "Kawaida," mlango ukafunguka. Mama akapiga vigelegele utadhani nimefaulu mtihani. Mi hata sikuelewa, yaani nimepona au ndo nimeanza kuumwa?

"Mama, kwani na nyie mlikuwa safi?"

 Shavu la mama lilikuwa linachezacheza, na la Tumpe pia, wakati hakuna aliyekuwa na kitu mdomoni.