Picha ya Kona

Picha ilikuwa kali, hakuna ubishi. Lami imelowa mvua, inang'aa, inakata kona na kupotea. Kitwana aliitundika juu ya kaunta ya studio yake, na kila mteja aliisifia.

Mama Chiku alikuja kuchukua picha ya marehemu mumewe, aliyekufa pikipiki yake ilipogonga lori lililoharibika njiani. Akainua macho ukutani.

"Hii si kona ya kiwandani?"

"Ndiyo, mama."

"Ulipiga lini?"

"Alhamisi ile, jioni." Alijuta hapo hapo.

"Siku ile ile!" Mama Chiku akashika kaunta. "Dereva wa lori anaapa mahakamani eti aliweka matawi barabarani kabla ya kona, kuonya watu kuwa lori lake limekwama huko mbele. Mwongo huyo! Hapa kuna hata jani? Nipe hii, mwanangu. Kesho nampelekea hakimu."

Kitwana alijifanya anapanga bahasha kwenye kaunta. Matawi yalikuwepo, matano, mabichi. Aliyavuta pembeni mwenyewe ili picha itoke safi. Kisha mvua ikarudi, akakimbia kuokoa kamera, akasahau kuyarudisha.

"Unaninyima? Mume wangu ndiye alikuwa anakubeba bure kila siku!"

Kitwana akapanda kiti, akaitoa picha ukutani. Kidole gumba chake kilitua chini pembeni, pale majani mabichi yalipochungulia kidogo kwenye fremu.

Mama Chiku alinyoosha mikono yote miwili. Kitwana alikuwa bado ameishika, na kidole kilikuwa pale pale.